Shingo ya Vadivamma

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Aadi, mwezi wa sikukuu za miungu wa kike, saa mbili asubuhi, Ulaganathan wa nyumba kubwa alifika kwa Masilamani mfinyanzi akiwa na sahani ya shaba mkononi. Juu ya sahani palikuwa na nazi, tambuu, ndizi mbili na konzi ya udongo. Pasipo konzi hiyo hakuna sikukuu, maana ndiyo idhini ya kijiji. Mwenye nyumba kubwa huuchota udongo kwa mkono wake na kumpa mfinyanzi, naye mfinyanzi huuchanganya na udongo wake mwingine kama mtu atiavyo hamira kwenye unga. Kisha humfinyanga Vadivamma, mungu wa kike wa kijiji cha Karisalpatti. Humfinyanga mpya kila mwaka, kwa sababu wa mwaka uliopita huwa amekwisha kuliwa na mvua.

Desturi inataka udongo huo utoke kwenye sakafu ya bwawa. Lakini mwaka huo malori ya watu wa matofali yalikuwa yamelikwangua bwawa hadi likabaki mawe, na Ulaganathan alikuwa na goti bovu. Akaona ya nini kuhangaika. Alichota nyuma ya nyumba yake, pale palipokuwa na kisima ambacho babu yake alikifukia zamani. Udongo ni udongo, alimwambia mkewe. Kijiji kizima kilimwona akiinama pale na hakuna aliyemkataza, kwa hiyo si haki kumtwika lawama yeye peke yake.

Masilamani aliipokea konzi kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akaingia nayo kibandani. Alikuwa na miaka sitini na moja. Babu yake alimfinyanga Vadivamma na kuwa kuhani wake, baba yake vivyo hivyo, na sasa yeye. Kwa nini kazi ya ukuhani iliangukia nyumba ya wafinyanzi, hakuna aliyekumbuka. Kilichokumbukwa ni kwamba kuhani akikosa sikukuu moja tu, ukuhani unahama. Masilamani alikuwa na binamu kijiji cha pili ambaye kila mwaka, kwa upole mwingi, alituma mtu kumuulizia hali ya afya.

Habari za Vadivamma zinajulikana, maana huimbwa. Alikuwa binti wa nyumba kubwa, jina lake Vadivu, mzuri na mcha Mungu. Alfajiri moja alikwenda kisimani kuteka maji ya sala, akateleza. Kaka zake watatu walilia hadi wakazimia. Baadaye ng'ombe wa nyumba kubwa wakaanza kuharibu mimba, watoto wakashikwa na homa, na mpiga ramli akasema Vadivu anataka mahali pa kukaa. Wakamjengea hekalu. Mwisho wa jina lake wakaongeza neno la kumwita mama, ingawa alikufa hajazaa. Nje ya ukuta wa hekalu kuna jiwe lililogeuziwa mgongo, linaitwa Mlinzi. Siku ya sikukuu Mlinzi hupewa sigara moja na gongo kidogo. Wimbo hausemi alitoka wapi.

Siku ya nne sanamu ilikuwa imesimama, na siku ya saba ilikuwa imekauka, isipokuwa shingo. Shingoni palikuwa na mstari mwembamba uliolowa, umezunguka kama uzi wa shanga. Masilamani aliupitishia kidole gumba, ukafutika, ukarudi. Akatia udongo mkavu, ukanyonywa. Akamtoa nje juani, akamgeuza huku na huku kama mtu anayeanika samaki. Sehemu nyingine zilianza kupasuka kwa ukavu na shingo ikabaki mbichi.

Jioni ya siku ya nane Vadivamma akaomba maji.

Ponnuthayi, mke wa mfinyanzi, alikuwa uani akipepeta mchele. "Nani huyo?" aliuliza.

"Ni yeye," alijibu Masilamani.

"Mpe ya mtungini. Ya ndoo ni ya kupikia."

Alikunywa kata tatu. Tangu siku hiyo, kila jua lilipozama alikunywa kata tatu, wala hakuzidisha. Ponnuthayi hakufurahi, kwa sababu bomba la kijiji hutoa maji mara moja kwa siku mbili. "Mungu gani huyu?" alisema. "Wenzake huleta mvua, yeye anakunywa akiba yangu!"

Akishakunywa huongea. Sauti yake ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na saba, yenye kukwaruza kidogo.

"Fundi, mimi sikuteleza."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Wanachojua wote."

"Basi mbona mnaimba vile?"

Masilamani alifikiri huku akilainisha kidole cha mguu wa sanamu. "Wimbo ni wimbo, mama. Ukishazoeleka hauna mwenyewe."

"Na yule mbona mmemweka nje?"

"Analinda."

"Analinda! Hajawahi kulinda kitu maisha yake yote. Alikuwa akichunga mbuzi, na hao mbuzi wenyewe walimpotea kila wiki." Vadivamma alicheka, na kicheko kikakatikia pale penye mstari.

Ulaganathan alipokuja kukagua kazi, aliiona shingo. Alivua viatu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi," alisema, maana yule alikuwa dada wa babu yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Goti vipi?"

"Linaniuma, bibi."

"La babu yako liliuma pia. Alijigonga kwenye ukingo wa kisima siku ile, tulipokuwa tunavutana."

Ulaganathan alisubiri kwa adabu kama kuna la ziada, kisha akamvuta Masilamani pembeni. "Fundi, mwaka huu tia mashada mazito. Asumini chini, mwarobaini juu. Watu wanakuja kuomba, hawaji kukagua shingo."

"Nimekusikia, mzee."

"Na vizuri," alisema Ulaganathan. "Si yale ya kukonda ya mwaka jana."

Jumanne ya wiki ya sikukuu, saa kumi na moja jioni, alikuja Kuyili. Alikuwa kitinda mimba wa Ulaganathan, miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi mjini. Ni kazi ya binti wa nyumba kubwa ambaye hajaolewa kumpaka Vadivamma manjano kabla macho yake hayajachorwa na kufumbuliwa. Alileta manjano kwenye bakuli. Ingawa kulikuwa na joto la kupasua mawe, alikuwa amejizungushia mtandio shingoni.

Alipofika ndani aliuvua. Alikuwa na mstari uleule, mwembamba, umelowa.

"Umeanza Jumapili, babu," alimwambia Masilamani. "Nikiufuta unarudi. Mama ananipaka poda, lakini poda inakuwa uji."

"Njoo karibu nikusikie," alisema Vadivamma. Kuyili akasogea. "Kijana ni wa wapi?"

"Ng'ambo ya mfereji."

"Wangu pia. Anaitwa nani?"

"Anbu. Anatengeneza pampu za maji."

"Afadhali wewe. Kaka zako wangapi?"

"Wawili."

"Mimi watatu. Wamejua lini?"

"Jumapili."

Kuyili alianza kumpaka manjano miguuni na mikononi, taratibu, kama dada anayempamba dada yake. Kisha, bila kugeuka, alisema alichokuja kusema.

"Babu, keshokutwa Alhamisi unapeleka vyungu stesheni. Nipakie chini ya mabua. Anbu ameshatangulia, ananingoja kule. Kituo cha basi siwezi, kaka zangu wamekaa pale tangu Jumapili wanacheza karata. Gari la ng'ombe hawatalikagua. Mimi si mzito, babu. Chungu chako kimoja kikubwa kinanizidi."

Masilamani alimpenda mtoto huyu. Alimfinyangia vyungu vidogo vya kuchezea alipokuwa na miaka mitano, na siku kimoja kilipovunjika alimfinyangia vingine vinne. Aliona shingo yake na alijua maana ya ule mstari. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

"Ijumaa alfajiri ni kufumbua macho, mama," alimwambia Kuyili. "Nikienda stesheni Alhamisi, ng'ombe hawa wazee hawanirudishi kabla ya Ijumaa mchana. Macho akiyafumbua mwingine, ukuhani umetoka nyumbani kwangu. Acha sikukuu ipite. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe, hadi kwenye behewa."

"Jumatatu?"

"Jumatatu. Haraka haraka haina baraka."

Kuyili alimtazama Vadivamma, lakini Vadivamma alikuwa bado hana macho ya kumtazamia. Alimaliza kupaka. Shingoni manjano hayakushika. Akajizungushia mtandio wake, akachukua bakuli, akaaga kwa heshima kama alivyofunzwa.

Ponnuthayi alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. "Mpeleke," alisema.

"Na macho?"

"Macho! Tumwokoe mwenye roho au mwenye udongo?"

"Hawatathubutu wakati wa sikukuu. Mungu yuko kijijini."

"Mungu yupi? Huyu aliyeshindwa kuiokoa shingo yake mwenyewe? Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto. Nakwambia mpeleke."

Masilamani alinawa mikono, akala wali na mtindi, akalala.

Jumatano jioni, baada ya kata ya tatu, Vadivamma aliuliza, "Utampakia?"

"Jumatatu, mama."

"Babu yako aliniambia nisubiri tanuri ipoe."

Masilamani aliiweka kata chini. "Babu yangu?"

"Alikuwa na gari la ng'ombe kama lako. Nilikuja hapahapa, jioni kama hii. Vyungu mia mbili vilikuwa motoni. Akasema, subiri siku mbili tu, mama, tanuri ipoe, nipakie vyungu, nikupakie na wewe. Hakuwa mtu mbaya. Aliniona nina kiu, akanipa maji. Kata tatu."

"Ndiyo maana wakampa ukuhani?"

"Wampe nani? Aliuomba mwenyewe. Aliwaambia ni lazima awe yeye wa kunihudumia, yeye na watoto wake. Walisema, tazama ucha Mungu wa mtu huyu."

Masilamani aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Miaka arobaini alikuwa akiupokea ukuhani ule kama heshima. Alitoka, akatandika mabua garini, mengi, akaacha nafasi katikati ya kumtosha mtu aliyejikunja. Aliazimia, na aliazimia kwa moyo wake wote. Hilo nalo lisemwe.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameshamfunga ng'ombe wa kulia na anamwendea wa kushoto, Ulaganathan akatokea. Alifuatana na binamu wa kijiji cha pili. Binamu alikuwa ameoga, amevaa shuka jeupe jipya, na kwapani ana kifuko cha brashi.

"Amekuja kutazama tu," alisema Ulaganathan. "Unakwenda stesheni, fundi? Leo?"

"Nilifikiri vyungu..."

"Nenda, nenda. Riziki haina sikukuu. Binamu yako yupo, ukichelewa hatutakwama."

Binamu alitabasamu. "Afya yako lakini nzuri, kaka?"

Masilamani aliviringisha kamba ya ng'ombe mkononi. Halafu akasema vyungu vinaweza kusubiri. Akamfungua ng'ombe wa kulia. Nyuma ya ua, penye njia ya mashamba, Kuyili alikuwa amekuja hata hivyo, amesimama na kifurushi kidogo. Aliwaona ng'ombe wote wawili wakirudishwa zizini. Aligeuka akarudi kwao, bila kukimbia, akipita kando ya miti ya mivumo.

Ijumaa alfajiri Masilamani alimfumbua Vadivamma macho. Kazi hiyo hufanywa kutokea kisogoni: mfinyanzi husimama nyuma ya sanamu, ananyoosha mkono mbele na kuchora mboni kwa kuangalia kwenye kioo, ili mtazamo wa kwanza wa mungu uangukie mbuzi aliyefungwa mbele yake. Usimwangukie binadamu, maana ni mzito. Alichora la kulia, akachora la kushoto. Macho yalifunguka kioo kikiwa mbele yake, yakampita mbuzi, yakamtafuta Masilamani ndani ya kioo na kubaki pale. Mbuzi alianza kula shada. Mzee mmoja alisifu kwamba miaka yote hajaona mstari wa wanja ulionyooka hivyo.

Walimvisha mashada matano. Kabla ya saa sita yalikuwa yamelowa yote, na maji yanachuruzika kifuani. "Mwaka huu mama anatoka jasho," walisema wanawake, wakafurahi sana, wakayakinga maji kwenye vichupa kwa ajili ya watoto wenye homa. Homa zilipona. Kaka wawili wa Kuyili walibeba miti ya mbele ya machela yake, wakazunguka naye kijiji kizima mabegani, nao wakalowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Mtaa wa ng'ambo ya mfereji, wanakokaa watu wa tabaka la chini, machela haiendi. Watu wa huko walisimama upande wao wa maji, wakaomba kutoka palepale.

Jumapili mchana nyumba kubwa ilitoa habari kwamba Kuyili ameshikwa na tumbo. Saa kumi alikuwa amekufa, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshachomwa. Hakukuwa na usumbufu, kwa sababu kuni zilikuwa zimepasuliwa tangu Jumamosi. Anbu alipatikana siku ya pili amekufa kando ya reli, na watu wakailaumu reli.

Jumatatu asubuhi Masilamani alikwenda hekaluni kuzima taa na kufagia maua, kama kazi yake inavyotaka. Alifagia kuanzia mlangoni hadi miguuni pa Vadivamma. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani, mengi.

"Leo Jumatatu," alisema Vadivamma.

Masilamani aliketi chini na ufagio wake, akalia kwa sauti, na waliopita nje wakasema ni kweli, hakuna kuhani anayempenda mungu wake kama huyu.

Mvua za mwezi wa kumi zilimla Vadivamma kidogo kidogo, ikaanza mikono, ukafuata uso. Kufika mwezi wa kumi na mbili ng'ombe wanne wa nyumba kubwa walikuwa wameharibu mimba. Mke wa kaka mkubwa alizaa mtoto asiyelala. Kila chungu cha wali kilichopikwa katika nyumba ile kilitoka cha manjano, hata bila manjano. Wakaula hivyohivyo miezi miwili, kisha wakamwita mpiga ramli. Mpiga ramli hakuhitaji hata kumwaga kauri zake. Alisema msichana anataka mahali pa kukaa. Ulaganathan alikuwa amekonda. Alikuja kwa Masilamani, akasimama mlangoni, akasema mwaka huu wafinyangwe wawili.

"Wawili, mzee," alisema Masilamani.

"Huyu mpya mpe sura nzuri. Unaijua." Akapangusa macho, akasingizia vumbi. Alimlilia binti yake kweli. Na kuni, ni yeye aliyezilipia.

Masilamani aliifinyanga ile sura kwa siku tatu. Hakukosea hata kidoti kilichokuwa juu ya mdomo. Shingo zote mbili zilikataa kukauka. Jioni aliketi na kata mkononi akimsubiri Kuyiliamma aombe maji, lakini hakuomba. Akamwekea kata tatu miguuni, zikabaki hadi asubuhi na mdudu ameelea ndani. Akiwa nje aliwasikia wawili wale wakizungumza kwa sauti ya chini, wakati mwingine wakicheka. Alipoingia walinyamaza.

"Husemi nami, mama?" aliuliza siku moja.

"Hana la kukwambia," alijibu Vadivamma. "Anakuheshimu, wewe ni babu yake."

Nje ya ukuta watu walisimika jiwe la pili karibu na Mlinzi, nalo likageuziwa mgongo. Likatengewa sigara yake.

Siku ya sikukuu walikuja waimbaji wenye upinde wa kengele wa kupigia nyimbo, kutoka mbali, kwa sababu mungu mpya anahitaji wimbo mpya. Uwanja ulijaa. Waliimba jinsi Kuyili alivyokuwa mzuri na mcha Mungu, jinsi alivyofunga siku nne kwa ajili ya sikukuu, jinsi tumbo lilivyomshika akiwa amebeba bakuli la manjano. Waliimba kaka zake walivyolia hadi wakazimia. Kisha mwimbaji mkuu akapunguza sauti, akaimba habari za mfinyanzi mzee, mwaminifu, aliyekuja mbio na gari lake la ng'ombe, ametandika mabua laini ili ampeleke hospitali. Na binti akamwambia, hapana, babu, niache nife karibu na mungu wangu, wewe rudi ukamfumbue macho. Wanawake walilia. Mmoja alimshika Masilamani mguu.

Wimbo mpya una kanuni yake. Kabla haujaingizwa katika nyimbo za hekalu, mwimbaji huuzuia upinde usilie na kumuuliza kuhani mbele ya watu wote kama ndivyo ilivyokuwa. Kuhani akisema sivyo, wimbo hufa palepale, na hapo kuhani huombwa aeleze ilivyokuwa.

Upinde ulinyamaza. "Ee kuhani," aliuliza mwimbaji, "ndivyo ilivyokuwa?"

Masilamani alisimama. Mbele kabisa walikuwa wameketi kaka wawili, wamenyoa, mikono juu ya magoti. Binamu wa kijiji cha pili alikuwa nyuma yao. Upande wa wanawake Ponnuthayi alikuwa akimtazama mumewe, na alikuwa ameshika mtungi wake kwa mikono yote miwili. Mama wawili walikaa ndani ya mashada yaliyolowa, macho wazi, kimya, kama watu wanaosubiri zamu yao kwenye bomba.

"Ndivyo," alisema Masilamani. Alisema kwa sauti ya kutosha, hata mawe mawili ya nje yakasikia, na upinde ukaanza tena.